Baiskeli Mbili za Kuazima

Kiingereza changu nilikiamini sana mpaka siku ile, njia ya Jambiani kwenda Paje, saa saba mchana. Nilimkuta Mjerumani mmoja kapata pancha, kasimama juani, kaiva kama kamba wa kuchemsha. Wenzake walikuwa wanamsubiri Paje waende Jozani kutazama kima punju, na gari lilikuwa karibu kuondoka.

Imani ikaniingia. Nikashuka kwenye baiskeli yangu, nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyesoma: "I want to borrow you bicycle."

Akaitazama yangu, nzima. Akaitazama yake, tairi chini. Akanitazama mimi. Kisha akanikabidhi yake, akashika njia kwa miguu. Nikadhani anakwenda haja ndogo nyuma ya mivinje, nikageuza uso kwa adabu.

Nikasubiri. Wakapita mabibi wanatoka kwenye mwani, magunia kichwani. Nikawaamkia. Mmoja badala ya kuitikia akauliza, "Wee mtoto, baiskeli mbili utazipanda vipi?" Hapo ndipo nikatazama mbele: mgeni kashakuwa nukta.

Kumkimbiza mtu huku unasukuma baiskeli mbili, moja ina pancha, usiombe. Nilipomfikia sikuwa na pumzi ya lugha yoyote. Tukaelewana kwa mikono.

Kumbe "borrow" ni la anayepokea. Anayetoa hutumia "lend". Na kwa vile "you" na "your" mdomoni mwangu ni pacha, nilikuwa nimemwomba yake! Sasa ningejuaje? Sisi kuazima ni kuazima tu, mtoaji anaazima na mpokeaji anaazima. Kwenye pesa ndiko tulikojihadhari, tukatenga kukopa na kukopesha. Kilichoniuma zaidi, akaniambia kwao nako neno ni moja, "leihen", huku na huku. Yaani tungeelewana vizuri kabisa kama Mwingereza hakutuingilia.

Akapanda yangu, akaenda zake. Mimi nikaikokota yake hadi kwa fundi.

"Yakhe, hii si yako."

"Nimeiazima."

"Na yako iko wapi?"

"Nimeiazima."

Fundi akaweka gundi chini, akanivutia kigoda.

"Hebu kaa kivulini kwanza. Jua limekupiga."