Hesabu ya viota pekee haitoshi

Makala ninayoijibu hapa inasema sisimizi wa mbugani wako imara kwa sababu idadi ya viota imebaki ileile kwa miaka mingi. Hapo ndipo penye kasoro. Viota 100 leo na 100 baada ya miaka kumi vinaweza kuwa vya makoloni (jamii za sisimizi wanaoishi pamoja kiotani) mengine kabisa.

Lazima kila koloni lifuatiliwe peke yake. Piga kigingi cha chuma chenye namba kando ya mlango wa kiota, pima umbali kutoka alama mbili za kudumu, kisha urudi kila mwaka msimu uleule. Usiandike "limekufa" kwa kukosa sisimizi mara moja tu. Jua likiwaka hujificha chini. Rudi asubuhi ya siku nyingine. Kinachovuruga takwimu zaidi ni kuhama: koloni likisogea mita chache, asiye makini huandika kifo kimoja na koloni jipya moja. Ukikuta wafanyakazi wanabeba mabuu kwenda shimo jingine, ni walewale.

Sisimizi wavunaji *Pogonomyrmex barbatus* wamefuatiliwa hivyo tangu 1985 karibu na mpaka wa majimbo ya Arizona na New Mexico, Marekani. Malkia wao ni mmoja na huweza kuishi miaka 20 hadi 30. Mfanyakazi, takriban mwaka mmoja tu. Malkia akifa harithiwi, na koloni hufifia. Makoloni machanga ndiyo hufa zaidi, hasa yaliyo jirani na makubwa. Utafiti wa miaka mitatu, kwa maoni yangu, utanasa vifo vya makoloni machanga na kukosa karibu vyote vya makoloni makongwe.