Usisahau Ile

Kila Jumanne, saa nne na dakika arobaini asubuhi, simu yangu inalia. Nikiitazama, nakuta maneno mawili kwa herufi kubwa: USISAHAU ILE.

Ile ipi? Sijui. Na mwandishi ni mimi. Niliandika mwezi wa pili nikiwa kwenye foleni ya benki, nikiwa na hakika kwamba mtu yeyote mwenye akili zake akisoma "ile" ataelewa moja kwa moja. Sasa tuko mwezi wa kumi, na huyo mtu mwenye akili zake bado hajarudi.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Kampala. Nakilia mizigo, yaani naitoa forodhani. Kontena linashuka Mombasa, linavuka mpaka wa Malaba, linakuja bandari kavu, na karatasi zinatakiwa ziwe zimefika kabla yake. Ukichelewa, siku za bure zinaisha na demaraji, yaani tozo la kuchelewesha kontena, inaanza kula kama mchwa. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi. Hawa wahenga hawakuwahi kulipa demaraji.

Pakacha lenyewe ni kichwa changu. Nina ADHD, ile hali ya ubongo inayovuruga umakini na utulivu, na jina hilo nimelijua nikiwa na miaka 38, baada ya daktari kunihoji kwa saa nzima huku mimi nikihesabu vigae vya ukutani kwake. (Vilikuwa 84, viwili vimepasuka.) Alitaka kujua kama nilikuwa hivi tangu utotoni, kwa sababu vitabu vyao vinataka dalili ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12. Zamani walisema kabla ya 7, mwaka 2013 wakasogeza. Nikampigia mama, Tororo. Mama hatupi kitu. Akatuma picha za ripoti zangu za shule ya msingi, muhula kwa muhula, na mwalimu kaandika jambo lile lile kila mara: "Anaweza, lakini yuko dirishani."

Mjomba alipopata habari akasema hayo ni maradhi ya watu wenye data nyingi. Tukaliacha hapo.

Basi nikaambiwa, kijana wa kisasa, tumia simu ikusaidie kupanga kazi. Maneno matamu hayo. Jumamosi moja nikapakua programu ya kalenda nikaanza kuipaka rangi. Nyekundu ni Malaba. Kijani ni ushuru. Buluu ni wateja wanaolipa, zambarau ni wateja wanaosema watalipa. Nilianza baada ya chai ya asubuhi. Nilipoinua kichwa, adhana ya isha inalia, sijala, sijaenda haja, na mke wangu kaniwekea sahani mezani imefunikwa, ikanifunika na mimi kwa aibu. Watu hudhani sisi hatuna umakini. Umakini ninao tele, ila hauniombi ruhusa unapokwenda. Kalenda ikawa nzuri hata ungeitundika sebuleni. Jumatatu Hajati, bosi wangu, akaniuliza habari za kontena la vigae lililopitiliza siku mbili.

"Lipo kwenye kalenda, Hajati."

"Kwenye kalenda lipo. Bandarini je?"

Lilikuwa limeandikwa, kwa nyekundu safi kabisa. Tatizo la kalenda ni kwamba inabidi ukumbuke kuitazama, na mimi ningekuwa mtu wa kukumbuka kutazama kalenda, ningehitaji kalenda ya nini?

Nikajaribu na ile njia ya Mwitaliano, Francesco Cirillo, aliyetumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 kazi, dakika 5 pumziko. Nikamwambia mke wangu kuanzia leo nafanya kazi kwa nyanya. Akaniuliza nyanya gani, ya sokoni au yule tuliyemzika Tororo? Dakika 25 za kwanza nilichagua mlio. Dakika 5 nikapumzika. Dakika 25 za pili nikasoma kwa nini nyanya zimepanda bei, kisha asili ya nyanya, kisha nikajikuta Peru. Kivinjari cha simu yangu, kurasa zikizidi 99, kinaacha kuhesabu na kuweka uso unaocheka. Wataalamu wanaziita vichupo. Mimi naziita tabu.

Lakini vita yangu kubwa na simu ni ya saa. Aliyeitengeneza hakulelewa huku. Sisi jua likishachomoza tunaanza: saa moja, saa mbili, saa tatu, na Waganda nao wanahesabu vivyo hivyo kwa lugha yao. Tuko kwenye ikweta, jua halitubadilikii, kwa hiyo hesabu inakaa sawa mwaka mzima. Simu yenyewe inaanzia usiku wa manane, kama mchawi.

Siku hiyo Hajati kasema, "Kesho saa nne yule mteja wa matairi. Usinitie aibu." Nikatoa simu pale pale mbele yake ili aone mtu aliyebadilika, nikaandika 4. Ikalia saa kumi za usiku. Sasa, mtu wa kawaida angetazama dirishani akaona giza. Mimi saa haimo ndani yangu. Dakika tano na saa tatu kwangu ni ndugu, na kengele ikishasema ni wakati, naamini. Nikaoga maji baridi, nikavaa shati la kola, nikachukua boda. Mlinzi wa jengo alinimulika tochi usoni akaniuliza kwa upole, "Bosi, kuna msiba?"

Nikakaa kwenye ngazi. Nilifurahi, nisiseme uongo, ilikuwa mara ya kwanza maishani kufika mahali kabla ya mahali penyewe kufunguliwa. Kulipopambazuka na mji ukaanza kelele zake, njaa ikanivusha barabara hadi kwa kijana wa roleksi, yaani chapati ya kukunjwa na mayai. Yule kijana ana mkono. Anapasua mayai mawili ndani ya kikombe cha plastiki, anakatia kabichi na kitunguu hewani, bila ubao, kisu kinapita karibu na kidole gumba lakini hakikigusi. Anamimina, mayai yanafura pembeni kama lesi, analaza chapati juu, anageuza, anakunja. Nilitazama ya kwanza, nikatazama ya pili, nikasema ngoja nione na ya huyu mama mteja. Niliporudi ofisini mteja wa matairi ameshaondoka. Nilifika mapema kwa saa tano na nusu, nikachelewa kwa dakika ishirini.

Hajati hakusema kitu. Alitazama mafuta kwenye kola.

Nikaona dawa ni kubadilisha mlio, maana mlio wowote nikiusikia wiki moja ubongo unaufukia pamoja na honi za boda. Nikajirekodi sauti mwenyewe, kwa ukali, ili nijiogope: "Wewe! Umelala? Karatasi ziko wapi? Haya, panda gari! Panda gari!" Maana siku hiyo nilitakiwa kwenda Malaba.

Ukiwa Mombasa au Dar es Salaam hayo ni maneno tu. Kampala ni habari nyingine. Hapa Kiswahili kiliingia masikioni mwa wengi kikiwa kimevaa buti za askari, kikisimama kwenye vizuizi vya barabarani. Serikali imekiidhinisha kuwa lugha rasmi tangu 2022, lakini masikio hayaidhinishwi kwenye kikao. Na "panda gari" hasa ndilo jina walilobaki nalo watu kwa ile misako ya mwanzoni mwa miaka ya 80, watu waliposombwa na kupakiwa kwenye malori.

Nilikuwa ndani ya taksi, yaani matatu, kutoka Bweyogerere, tumebanwa kwenye foleni ya Banda, simu iko mfukoni na juu ya mfuko kuna begi na juu ya begi kuna kuku wa abiria mwenzangu. Ikalia. "Wewe! Umelala?" Taksi nzima kimya. "Karatasi ziko wapi?" Dereva akapeleka gari pembeni. Konda akaanza kutafuta leseni ambayo wala si yake. Mimi natafuta simu, kuku ananidonoa mkono, sauti yangu inaendelea kunifokea, na mzee aliyekaa kando yangu, mvi kichwa kizima, akatoa kitambulisho taratibu akakiinua juu bila kumtazama mtu.

Hapo sikucheka. Nilipoizima nikamwonyesha ile simu, nikamwambia, "Nsonyiwa, ssebo," nimsihi asamehe. Akakirudisha kitambulisho mfukoni. Akanijibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu: "Mwanangu, badilisha."

Nikabadilisha. Sasa anawika jogoo, na wa jirani anamjibu.

Kuna wakati nilifungua kundi la WhatsApp la mtu mmoja, mimi mwenyewe, niwe najitumia kazi. Ilikuwa enzi za ile kodi ya 2018, shilingi 200 kwa siku ili uingie kwenye mitandao, kabla haijafutwa 2021 tukawekewa asilimia 12 kwenye data. Yaani nilikuwa nalipa kodi ili nijikumbushe kununua sukari. Lile kundi likawa linanipigia kelele mno. Nikalinyamazisha. Juzi nimelifungua nikakuta ujumbe 212 kutoka kwangu, na wa mwisho unasema, "Mbona hujibu?"

Nikajaribu pia kalamu na kiganja. Ni njia nzuri mpaka udhu wa adhuhuri.

Na hapo hapo kwenye udhu ndipo Hajati aliponikamata. Akaniambia, "We mwana, saa huzijui, tuache saa. Sema kabla ya swala gani." Tangu hapo ananipa kazi hivyo: ankara kabla ya adhuhuri, dereva wa trela baada ya alasiri, benki usivuke adhuhuri. Na kusema kweli, imeshika kuliko programu zote kumi na moja nilizopakua, kwa sababu adhana haitaki chaji wala data, na haina pa kubonyeza "nikumbushe baada ya dakika kumi." Ila misikiti haianzi pamoja. Wa kwanza ukianza najiambia huyu kawahi, wa pili najiambia tungoje wetu, na mara tatu wiki hii wetu umeshamaliza mimi bado nangoja.

Leo ni Jumanne. Saa nne na dakika arobaini, ikalia: USISAHAU ILE. Kidole gumba kikaenda kwenye kufuta, kikasita. Je, kama ile ndiyo ile? Nikajikaza nikainuka hadi mezani kwa Hajati.

"Hajati, samahani. Hivi kuna ile..."

Hakuinua macho kwenye karatasi zake. "Ile! Alhamdulillahi, umekumbuka mwenyewe. Umeshaimaliza?"

"Naam, Hajati. Ndiyo naiendea sasa hivi."

Nikachukua begi, nikatoka. Niko hapa kwenye ngazi, karibu na mlinzi, ninaandika haya. Ameniuliza naelekea wapi.