Kwani Mgonjwa Nani?

Ujumbe huingia usiku, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa au la ukoo. Picha ya kitanda, shuka la wodini, na uso unaokuchukua muda kuutambua kwa kuwa ulizoea kuuona jukwaani, umesinyaa chini ya kofia ya kiua. Chini ya picha pana namba ya simu na maneno machache: mzee wetu yu taabani, ulichonacho ndicho hicho hicho. Tunachanga. Mwenye elfu mbili hutuma elfu mbili, mwenye elfu kumi hutuma kumi, asiye nacho huandika dua. Siku nne baadaye kundi linarudi kwenye habari za maji na umeme, mpaka ije picha nyingine.

Mimi ni mtu wa Ngamiani, hapa Tanga. Nimekulia kwenye kelele za harusi, na picha za namna hiyo nimezichangia mara nyingi. Sijutii hata shilingi. Lakini nimefika mahali nataka kusema wazi: Tanga tunajua sana kumpa msanii, ila tunasubiri alale kwanza. Onyesho la hisani tumeligeuza matanga ya mtu aliye hai.

Miaka michache nyuma nilikuwa kwenye kamati ya onyesho kama hilo. Mgonjwa wetu alikuwa mpiga kinanda wa taarab, mzee aliyepiga kwenye harusi za mama zetu, kisha akapiga kwenye za kwetu. Kiharusi kilikuwa kimemshika upande wa kushoto. Tulihangaika wiki tatu: kadi, ukumbi, mgeni rasmi, bango lenye sura yake. Usiku ule zilipatikana shilingi 2,340,000, za mlangoni na za ahadi zilizolipwa papo hapo. Tulipomaliza kulipa ukumbi, muziki wa kukodi, dizeli ya jenereta, bango, mshereheshaji na chakula cha meza kuu, zilikuwa zimekwenda 1,585,000. Mzee alipata 755,000. Daftari nilishika mimi, ndiyo maana tarakimu hizi hazijanitoka.

Vikundi viwili vilivyopiga usiku ule havikulipwa, wala havikudai. Vijana waliobeba spika wakazifunga na kuzifungua hawakulipwa. Yaani waliotoa zaidi kuliko wote ukumbini walikuwa wasanii wenyewe, watu wasio na bima ya afya kama alivyokuwa hana yule waliyekuja kumsaidia. Mgeni rasmi alishukuriwa mara tatu.

Hata hivyo, si hesabu iliyonikaa moyoni. Tulimweka mzee kwenye kiti mbele ya jukwaa, tukamgeuza aangaliane na umma, na mshereheshaji akaeleza maradhi yake kwenye kipaza sauti, mpaka habari za nani anayemwogesha. Watu wakalia, wakatoa. Nilipomrudisha nyumbani kwa bajaji aliniambia, ulimi mzito: "Mwanangu, mkono wangu wa kulia mzima. Mbona hamkunipa kinanda?"

Alifariki mwaka uliofuata. Ubani uliokusanywa pale msibani ulizidi zile 755,000.

Sasa nataka niseme kuhusu kutuza, kwa sababu jibu naliona humo. Asiyeijua taarab hudhani watu huenda kusikiliza tu. Mwanamke akiguswa na ubeti, pengine ubeti uliomsemea kwa shoga yake au kwa jirani yake, huinuka kitini, hucheza taratibu kuelekea jukwaani, noti kaiinua juu watu waione, humkabidhi mwimbaji, kisha hurudi kwa mwendo uleule. Hakuna aliyemwomba. Hakuna shida iliyotangazwa. Anayetoa katoa akiwa amependeza, na anayepokea kapokea katikati ya kazi yake, sauti ikiwa juu. Sijaona mchango wenye heshima kuushinda huo, na ni wetu, hatukuuazima kwa mtu.

Upungufu wake ni kwamba noti humfikia aliye mbele. Mpiga besi yuko nyuma, mpiga bongosi, zile ngoma mbili ndogo, yuko nyuma zaidi, na fundi mitambo hata hayuko jukwaani. Vipo vikundi vinavyotia tuzo zote mfuko mmoja, na hilo ni jema, lakini mfuko wenyewe hufumuliwa usiku uleule: hela ya gari, hela ya vyombo, kilichobaki kigawanywe kwa watu kumi au kumi na wawili. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema wasanii wanapata hela kisha wanazitapanya, namwomba akae siku moja kwenye mgao ule, saa tisa ya usiku, nyuma ya ukumbi. Kijana anaondoka na nauli na kitoweo cha siku mbili.

Mji huu una deni la zamani kwao. Vikundi vyetu vya Black Star na Lucky Star ndivyo vilivyoitoa taarab kwenye ukumbi wa kuketi kimya vikaipa gita, besi na bongosi, nyimbo zikawa za kuchezeka, na pwani yote ikafuata. Mwimbaji Shakila, binti wa Pangani, alianzia huku kabla sauti yake haijawa ya nchi nzima. Upande wa dansi tulikuwa na bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na ndugu wa Kinyonga waliopita Jamhuri ndio walioanzisha bendi ya Simba Wanyika kule Kenya mwaka 1971. Mkonge uliutajirisha mji kwa muda. Muziki uliupa jina, na jina lipo mpaka leo. Waliolijenga tunawazika kwa michango ya WhatsApp.

Nilianza kusoma wenzetu wanafanyaje. Marekani watu wa tamthilia walijiundia mfuko wao mwaka 1882, nao upo mpaka leo, tangu 2022 unaitwa Entertainment Community Fund. Haumsaidii mwigizaji peke yake. Mshona mavazi, fundi wa taa na mbeba vyombo wote wamo. Kisha UKIMWI ulipokuwa unawamaliza watu wa jukwaani kule New York, mwaka 1987 waigizaji wa chama cha Equity wakaanza kuchangishana, mwaka uliofuata likazaliwa shirika la Broadway Cares, la watayarishaji wa michezo, na 1992 pande mbili zikaungana. Wana njia moja iliyonifanya niweke simu chini. Katika majuma maalumu ya mwaka, mchezo ukiisha na makofi yakipigwa, mwigizaji husogea mbele akiwa bado na mavazi yake, husema maneno machache, halafu wenzake husimama milangoni na ndoo nyekundu. Watazamaji wakitoka, wanatia.

Nikajisemea: hawa nao wanatuza! Tofauti ni kwamba tuzo yao inaingia kwenye chombo kisichofumuliwa usiku uleule, na anayetoa ni mtazamaji, si msanii mwenzao aliyekuja kupiga bure.

Uingereza nayo ina usiku wake. Mwaka 1912 Mfalme George wa Tano alihudhuria onyesho la wasanii wa majukwaa ya London, mapato yakienda kwenye mfuko wa wasanii wenye shida na nyumba yao ya wazee, Brinsworth House, ambayo bado inapokea watu. Onyesho lile likawa desturi. Ila aliyenigusa zaidi ni Giuseppe Verdi, mtunzi wa opera wa Italia. Alijenga mjini Milano nyumba ya wanamuziki waliozeeka bila akiba, na akataka isifunguliwe mpaka yeye awe ameondoka duniani, asije akashukuriwa. Alifariki 1901, nyumba ikafunguliwa 1902, na mapato ya hakimiliki ya kazi zake yakaitunza kwa miongo mingi. Mtu aliyekwepa hata asante. Nami nilimkalisha mzee wangu kwenye kiti ashukuru mbele ya watu mia tatu.

Basi ninachotaka Tanga ifanye si onyesho jingine la hisani. Ukumbi na meza kuu vimekula vya kutosha. Harusi tunazo, na ukumbi umeshalipwa na mwenye harusi, muziki umeshafungwa, watu wameshapendeza. Kila kikundi kinapopiga, wimbo wa mwisho uwe wa kapu. Mwimbaji atangaze mara moja tu, bila hotuba: tuzo ya wimbo huu si yangu, ni ya kapu la wasanii. Kapu la ukindu likae mbele ya jukwaa, lionekane. Aliyezoea kutuza atatuza.

Na wakati wake tunaujua. Kazi hii ina kalenda yake, na kila mwanamuziki wa huku anaibeba kichwani. Shaaban harusi hufuatana, kila mtu anakimbilia kuozesha kabla ya mfungo. Ramadhani ikiingia, vyombo vinafunikwa, mwezi mzima hapana kazi, nyumbani futari inatakiwa. Mfungo Mosi kazi zinarudi. Kwa hiyo kila mwaka, bila kukosa, mpiga bongosi ana mwezi wa njaa anaoujua tarehe zake, na sisi tunaomwalika tunaujua. Mwaka 2020 mikusanyiko iliposimamishwa Machi kwa sababu ya korona na mfungo ukafuatia Aprili, kuna vikundi vilivyouza spika. Kapu likijazwa Shaaban, hela ipo kabla ya mwezi wa ukame. Hilo halihitaji mtaalamu.

Hela iende wapi? Kwangu mimi ya kwanza ni bima ya afya. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023, lakini sheria haimlipii kila mtu mchango. Mwalimu na nesi hukatwa kwenye mshahara. Mpiga fidla hana wa kumkatia. Kapu limlipie yeye na wa nyumbani kwake wakiwa wazima, ili akishikwa asianze kutafutiwa picha nzuri ya kitandani. Ya pili ni mkopo mdogo wa kutengeneza chombo, maana kinanda kikifa, mtu amekufa njaa akiwa na afya yake. Ya tatu mazishi, na hayo nayaweka mwisho makusudi.

Watu huniuliza nani atashika hela, na swali ni la haki, maana kamati zimetuumiza. Jibu nililonalo nimelikuta uani kwa mama yangu mdogo. Wana kikoba chao, wanawake ishirini na kitu, sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wa nyumba tatu tofauti, na sanduku halifunguliwi mpaka wanachama wakae, hela ihesabiwe kwa sauti wote wasikie. Wanakopeshana na kurejesha hivyo mwaka hadi mwaka bila mgeni rasmi. Kapu la wasanii liishie kwenye sanduku la namna hiyo, funguo moja kwa mwimbaji, moja kwa mpiga chombo, moja kwa mbeba vyombo. Huyo wa tatu nasisitiza awemo. Yeye ndiye husahaulika kwanza, na mgongo wake ndio huharibika mapema.

Wengine wanahofu kwamba mwimbaji hatakubali kuachia tuzo ya wimbo wa mwisho, kwani ndio mtamu. Nimewauliza watatu. Wawili walikubali kabla sijamaliza kueleza. Wa tatu alinyamaza, akasema yeye analea wajukuu wanne na kila noti ana pa kuipeleka, kisha akaniuliza kama wajukuu nao wataingia kwenye bima. Ni swali la mtu anayefikiri, na nadhani jibu lazima liwe ndiyo, la sivyo hatuna haki ya kumwomba.

Shaaban iliyopita kikundi kimoja kilikubali kujaribu, kwenye harusi Makorora. Nilisimama karibu na jenereta nikiwa na wasiwasi. Wimbo wa mwisho ulipoanza, mwimbaji akatangaza maneno yale machache, na kijana akaleta kapu akaliweka chini. Watu wakatazamana. Mama mmoja mtu mzima, kanga begani, alikuwa ameshainuka na noti yake juu. Akasimama katikati ya uwanja, hachezi wala harudi.

"Kwani mgonjwa nani?" akauliza kwa sauti, juu ya muziki.

Mwimbaji akashusha kipaza sauti. "Hakuna, mama. Wote tu wazima, alhamdulillahi."

Mama akafikiri kidogo. Kisha akaiinua noti tena, akasogea kwa mapigo ya bongosi mpaka penye kapu, akainama akaitia, na kabla hajageuka nyuma yake walikuwa wameshasimama wengine wanne.