Yule mwizi analia nini?

Juzi usiku nilikaa na mpwa wangu tukaangalia Nora Inu, ile filamu ya Kijapani ya mwongozaji Akira Kurosawa ya mwaka 1949. Mimi naiita Mbwa Koko, maana jina lake ndilo hilo hasa. Tulikwenda nayo vizuri mpaka karibu na mwisho, pale polisi Murakami ameshamtia Yusa pingu, wote wawili wamelala majanini wanahema, halafu Yusa anaanza kulia. Mpwa wangu akacheka. "Mjomba, huyu mwizi analia nini? Si kayataka mwenyewe?"

Kicheko kile kilinichoma. Nimelala nacho, nimeamka nacho. Kwangu mimi kilio kile ndicho filamu yenyewe, na asiyekisikia amepita nje ya nyumba akadhani ameingia.

Murakami ni mpelelezi mgeni kazini. Ametoka kwenye mazoezi ya shabaha, usingizi haujamtosha, joto la Tokyo limemkaba, amepanda basi lililojaa hadi mlangoni. Anashuka, anapapasa mfuko, bastola haipo. Sote tunaopanda mabasi ya jioni tunaujua mkono ule unaopapasa mfuko mara ya pili, mara ya tatu, kana kwamba kitu kitarudi chenyewe. Ila yeye hakupoteza simu. Amepoteza bastola ya Colt yenye risasi saba, na tangu saa ile anazihesabu. Kila inayomjeruhi mtu mjini anaiona kama ameifyatua yeye.

Anavaa magwanda chakavu ya askari aliyerudi vitani, anazunguka masoko ya magendo akitafuta wanaokodisha silaha. Kipande hicho ni kirefu na karibu hakina maneno. Haya, nakubali, kingeweza kupunguzwa. Lakini yale ni masoko halisi ya Tokyo iliyoshindwa vita, na Ishirō Honda, msaidizi wa Kurosawa ambaye mwaka 1954 aliongoza filamu ya Godzilla, ndiye aliyezunguka humo na kamera. Nyuso zile hazikuletwa na mtu wa mavazi. Toshirō Mifune mwenyewe, anayeigiza Murakami, alikuwa askari mpaka vita vilipokwisha.

Sasa niseme lile linaloniuma. Siku Yusa, ambaye sasa ndiye mwenye bastola ile, anarudi kutoka vitani, begi lake linaibiwa. Ndilo mali yake yote, basi. Murakami naye, siku anarudi kutoka vitani, begi lake liliibiwa ndani ya treni. Anamsimulia mkubwa wake Sato, usiku, nyumbani kwa Sato, watoto wamelala. Anasema alijaa hasira ya kuweza kuiba, na akaona wazi kwamba amefika njia panda. Akachagua upolisi. Basi anamkimbiza Yusa akijua kwamba anaikimbiza ile njia nyingine aliyoiacha.

Sato hataki kuyasikia hayo. Kwake mbaya ni mbaya, na mawazo ya polisi yawe kwa walioumizwa. Na ana haki, nitasema nini? Yusa amemvamia mwanamke nyumbani kwake na kumuua. Mwanamke yule hana njia panda ya kutusimulia. Namkubalia Sato neno hili kwa shida, na kila nikiitazama tena namkubalia zaidi kidogo.

Ila mtazame Harumi, binti mcheza dansi. Yusa ameiba ili amnunulie gauni alilolitamani dirishani. Polisi wanamhoji, mama yake analia, radi inapiga nje, naye analivaa gauni lile mbele yao na kuzunguka, kuzunguka, akilia kwamba ni furaha. Mama anamvua kwa nguvu na kulitupa nje kwenye mvua. Kitambaa tu, kinalowa. Kuna mtu ameibiwa kwa ajili yake.

Halafu asubuhi, stesheni. Murakami hamjui Yusa kwa sura. Anajua tu kwamba atakuwa na suti nyeupe yenye tope la mvua ya jana, na kwamba anatumia mkono wa kushoto. Anapitisha macho miguuni mwa abiria, kiatu kwa kiatu. Mtu mmoja anawasha kiberiti kwa mkono wa kushoto. Wanakimbizana hadi kichakani. Risasi ya kwanza inampata Murakami mkononi, na katika nyumba ya jirani mwanamke anayepiga piano anasimama, anachungulia dirishani, haoni kitu cha maana, anarudi kupiga.

Wanapoanguka wamekuwa rangi moja ya tope, huwezi kusema haraka yupi ni yupi. Watoto wanapita barabarani wakiimba. Yusa anatazama juu, anaona maua, anaona anga, anasikia wale watoto, na sauti inayomtoka si ya mtu aliyekamatwa. Ni ya mtu aliyekumbuka kwamba asubuhi kama hii zipo, na kwamba zilikuwa zake pia. Polisi anajiinua kidogo, anamtazama, hana neno la kumpa.

Nilimweleza mpwa wangu haya jana tukila. Alinyamaza sana. Halafu akauliza, "Na begi la yule polisi, lilipatikana?"

Halikupatikana, nikamwambia.