Matanga ya Seattle: Ni Toleo Lipi la Temple of the Dog Lisikilizwe Kwanza?

Albamu ya Temple of the Dog huuzwa hadi leo kama mkutano wa mastaa wa Soundgarden na Pearl Jam, bendi mbili za roki za Seattle, Marekani. Maelezo hayo yanapotosha, kwani watu wale walipoingia studio ya London Bridge jijini Seattle mwishoni mwa mwaka 1990, wengi wao hawakujulikana nje ya mji huo, na kilichowakutanisha kilikuwa msiba.

Andrew Wood, mwimbaji wa Mother Love Bone, alifariki tarehe 19 Machi 1990 kwa sababu ya heroini, akiwa na umri wa miaka 24, kabla albamu ya bendi yake haijatoka. Chris Cornell, mwimbaji wa Soundgarden aliyewahi kuishi naye nyumba moja, alimtungia nyimbo mbili za maombolezo, "Say Hello 2 Heaven" na "Reach Down", kisha akawaita Stone Gossard na Jeff Ament wa Mother Love Bone, ambao kifo kile kiliwaacha bila mwimbaji. Wakaongezeka Mike McCready kwenye gitaa, Matt Cameron wa Soundgarden kwenye ngoma, na Eddie Vedder, kijana aliyetoka San Diego kujaribiwa na bendi mpya ya Gossard, Ament na McCready, ambayo baadaye iliitwa Pearl Jam. Nyimbo mbili zikawa kumi. Ninapoisikiliza "Reach Down", yenye zaidi ya dakika kumi na moja, na gitaa la McCready likienda bila haraka ya kufika popote, nasikia watu waliokaa matanga, ambao hakuna kati yao anayetaka kuwa wa kwanza kuondoka.

Toleo la kwanza lilitolewa na kampuni ya rekodi ya A&M mwezi Aprili 1991, likapita kimyakimya. Mwaka uliofuata, Pearl Jam na Soundgarden walipokwisha kupata jina, kampuni iliusukuma tena wimbo wa "Hunger Strike" na albamu ikapanda hadi nafasi ya 5 katika chati ya Billboard. Kisha mwaka 2016, ilipotimiza miaka 25, ikatolewa upya kwa namna kadhaa: CD moja, CD mbili, santuri mbili, na kasha kubwa lenye CD, DVD na Blu-ray.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kuwa toleo jipya ni lile lile lililosafishwa tu. Mtayarishaji wa muziki Brendan O'Brien, ambaye mwaka 2009 aliifanyia kazi kama hiyo albamu ya kwanza ya Pearl Jam, aliichanganya upya, maana yake alirudi kwenye kanda ambazo kila chombo kimerekodiwa kwa njia yake, akaamua upya kipi kisikike mbele, kipi nyuma, na mwangwi uwe kiasi gani. Kwa sikio langu, ngoma zimesogea karibu na mwangwi umepungua. Ni kazi safi, lakini mwangwi ule wa 1991 ndio uliofanya sauti ya Cornell isikike kama ya mtu anayeita ndani ya nyumba iliyohamwa, na sitaki mgeni wa albamu hii aukose. Aanze na toleo la 1991.

Santuri mbili, hata hivyo, nazitetea kwa moyo wote. Albamu hii ina takriban dakika 55, na ukizibana katika santuri moja, mifereji hukaribiana mno, sauti ikalazimika kushushwa na besi kupunguzwa. CD ya pili nayo ina rekodi za majaribio, na kwa mtu anayeipenda albamu hii hizo zina thamani kuliko kasha lenyewe, kwani zinaonyesha nyimbo zikiwa bado zinatafutwa. "Hunger Strike" yenyewe ilipatikana hivyo: Cornell alikuwa akihangaika na sehemu ya sauti ya chini, Vedder, aliyekuwa akisubiri pembeni, akasogea kwenye maikrofoni akaiimba.

Bendi ilifanya ziara yake ya kwanza Novemba 2016. Tarehe 18 Mei 2017, Cornell naye akafariki. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilirudia toleo la O'Brien mara nyingi kuliko nilivyotarajia, hasa "Say Hello 2 Heaven", kwa sababu humo sauti yake iko karibu kiasi cha kusikia anavyovuta pumzi.