Stashahada inapohesabiwa sifuri

Chukua vijana 2 wa Kitanzania waliokaa dawati moja kidato cha sita. Mmoja anaingia chuo kikuu, anasoma ualimu miaka 3, anatoka na shahada. Wa pili, labda kwa sababu mkopo haukutoka, anakwenda chuo cha ualimu miaka 2, anapata stashahada, anaajiriwa na kupangiwa kijijini. Akishafundisha miaka 10 anaamua kuitafuta shahada, na anaanzia mwaka wa kwanza pamoja na watoto aliowafundisha. Atasota miaka 3 mingine. Ukijumlisha, amesomea miaka 5 cheti ambacho mwenzake alikipata kwa 3.

Hesabu hii hunisumbua kuliko yale maneno ya kila siku kwamba walimu wanafukuzia mshahara. Mshahara upo, ndiyo. Kutoka TGTS C, ngazi ya mshahara wa serikali ya mwalimu mwenye stashahada, kwenda TGTS D ya mwenye shahada, si haba, na sijaelewa kwa nini mwalimu aone haya kuutaka. Lakini hata kama angekuwa anafukuzia fedha tupu, ile miaka 2 ya chuo cha ualimu imekwenda wapi?

Uingereza wana shahada fupi ya miaka 2, krediti 240 (krediti ni kipimo cha wingi wa masomo). Aliyenayo akiongeza mwaka 1 wa krediti 120 anatimiza 360 na kupata shahada kamili. Shahada yetu ya miaka 3 nayo ni krediti 360. Wao wanamalizia, sisi tunaanza upya.

Wahadhiri wana jibu, tena lina uzito. Kwenye mfumo wetu wa ngazi za elimu, stashahada ni ngazi ya 6 na shahada ni ngazi ya 8, kwa hiyo kati yao kuna ngazi nzima. Shahada fupi ya Waingereza ilibuniwa kusudi iongezewe. Stashahada yetu iliundwa kumtoa mwalimu, basi. Aliyejifunza namna ya kufundisha milinganyo hajasoma hisabati ya chuo kikuu, na huwezi kumsamehe mtu somo ambalo hakulisoma. Hapo sina ubishi.

Ubishi wangu uko kwenye yale aliyokwisha kuyasoma: saikolojia ya elimu, mbinu za kufundishia, upimaji na tathmini. Halafu kuna mazoezi ya kufundisha. Rafiki yangu mmoja, alipokwenda kusomea shahada, alikuwa na miaka 14 kazini, mkuu wa taaluma shuleni kwao, mtu anayekagua maandalio ya somo ya wenzake. Ilipofika zamu yake ya mazoezi, akapaka rangi zana zake usiku kucha na kukopa koti. Mkaguzi aliyekuja alikuwa kijana, mpole kabisa, akakaa nyuma dakika 40 na kuandika: "Azidi kujiamini mbele ya darasa." Rafiki yangu anaitunza karatasi hiyo mpaka leo. Wakati mwingine huicheka.

Cha ajabu, Uingereza tatizo liko upande wa pili. Mtu akimalizia shahada yake ya elimu kule, kwa kawaida bado hana hadhi ya ualimu na analazimika kuitafuta baadaye. Wa kwetu ualimu anao tayari, ameufanyia kazi na kuulia ugali, ila shahada ndiyo inayojifanya haimjui.

Halmashauri nazo hulalamika kwamba mwalimu akiruhusiwa kwenda masomoni watoto wanabaki bila mtu. Ni kweli, na ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kufupisha safari yake: mwaka 1 ukikatwa, darasa linarudishiwa mwalimu mapema.

Kwa hiyo masomo ya taaluma yake, fizikia iwe fizikia na historia iwe historia, ayasome yote bila punguzo. Ya ualimu ahesabiwe. Na chuo kinachoshuku stashahada yake kimtungie mtihani wa kuingilia mwaka wa pili. Akianguka, aende akapange foleni na wa mwaka wa kwanza.