Gari la umeme na usukani unaojivuta: Kampala tuuachie au tuuzime?

Nina kagari ka umeme, mtumba wa Japani, na watu wakikaona swali la kwanza ni chaji, la pili "eti linajiendesha?" Halijiendeshi ssebo. Linasaidia tu, na msaada wenyewe unategemea uko barabara gani.

Entebbe Expressway mi nakubali kabisa. Unalipa 5,000 yako, unaweka kruzi (gari linashika mwendo lenyewe) kwenye 100, rada inaangalia gari la mbele, likipunguza na lako linapunguza lenyewe, na kwa vile ni la umeme mota ndo inageuka breki, inarudisha chaji kidogo kwenye betri na pedi haziliki ovyo.

Sasa toka huko uingie Kibuye saa ya jemu. Kamera inatafuta mistari iliyofutika zamani, boda inachomoka katikati, gari linafunga breki lenyewe puu! na nyuma teksi imekugandia. Rafiki yangu kazima kila kitu kwa sababu hiyo, anaogopa kugongwa nyuma. Ana hoja, ila bampa inanyooshwa, abiria wa boda hanyooshwi, kwa hiyo breki mi naiacha.

Usukani ndo tumekosana, ule unaojivuta wenyewe kukurudisha ndani ya mstari. Juzi naenda Jinja, nimeshapita msitu wa Mabira, nikaona shimo nikavuta kulia bila indiketa (nani anawasha indiketa kwa ajili ya shimo?) usukani ukanigomea, ukanirudisha kushoto, tairi likaingia lote. Na gari kwa akili yake halikukosea, mtu anayevuka mstari bila indiketa linamhesabu kasinzia. Dereva anayerudi kutoka Masaka saa nane usiku kachoka, huenda huo mvuto ndo unamwokoa.

Ila ukishazoea kusaidiwa unajisahau, na hilo si letu peke yetu. Desemba 2023 kule Marekani Tesla ilibidi ibadilishe programu kwenye magari zaidi ya milioni 2, kisa Autopilot, mfumo wao wa kumsaidia dereva kuendesha, haikuwabana madereva vya kutosha wawe makini. Na wao wana mistari!

Mi nazima usukani tu. Menyu yote ya Kijapani, nilitafsiri kwa kamera ya simu, nikaweka stika nyekundu kwenye swichi. Shida moja, ukizima gari na kuwasha tena huo mvuto unarudi wenyewe, na mke wangu huwa haikumbuki hiyo stika.